Kaka, Mama Hakusema Hivyo

Kaka yangu,

Nimesikia unataka kumjengea Mama kaburi la saruji hapa Narung'ombe. Kabla hujaleta fundi, nisome.

Unaikumbuka mikono ya Mama? Alitwanga mtama kwa mikono ile, na akitoka shamba alitubeba sote, wewe mgongoni, mimi kifuani. Mwaka ule ulipotuletea wanao tuwalee, nilikuwa namwogesha, na ngozi ya mikono hiyo inaniteleza vidoleni kama nguo isiyo na mtu ndani. Wewe ulikuwa karani kwenye mashamba ya karanga Nachingwea. Ulisema utaleta chakula. Mvua zikakatika, ghala likaisha, Mama akawa anawasukumia wajukuu sahani yake. "Mimi nimeshiba," anasema.

Ndipo yule daktari mgeni akaja Ruangwa kuchunguza wazee, ajue kwa nini wengine hubaki na nguvu na wengine hunyauka misuli hata kuinuka kukawa kazi. Kiswahili alikijua, Kimwera hakukijua, wakakuchukua wewe uwe mkalimani. Nilijivunia. Nikampakia Mama kwenye baiskeli ya jirani, nikaisukuma mpaka huko.

Daktari alimpima paja kwa utepe, akamwambia ainuke kwenye kigoda bila kushika kitu. Mama hakuweza. Akacheka kwa aibu, akajifunika khanga.

"Muulize anakula nini."

Mama akakujibu kwa Kimwera, akikutazama wewe: "Mwanangu, chakula nawapa watoto wako. Mimi nakunywa uji mwepesi."

Ukamgeukia daktari. "Anasema anakula vizuri. Ugali, kunde, na samaki."

"Mama hakusema hivyo," nikasema kwa Kiswahili.

"Msamehe mdogo wangu, bwana daktari. Amechoka kwa kuuguza."

Daktari akanitazama mimi na vumbi langu, akakutazama wewe na viatu vyako. "Basi ni uzee," akasema.

Nyuma yetu alikuwepo bibi mmoja wa Nandagala, amekonda kuliko Mama. Yeye alijisemea mwenyewe, kwa Kiswahili cha sokoni, kwamba kwake hakuna chakula. Akapelekwa hospitali ya misheni, akalishwa maziwa na mayai. Mavuno yaliyofuata nilimkuta anakung'uta ufuta. Mama tulikuwa tumeshamzika. Ulikuja na sanda nzuri, ukawaambia watu msibani, "Mzee wetu ameondoka kwa umri wake."

Najua uliona haya mgeni asikie kuwa mama yako ana njaa. Haya hiyo ningeisamehe, lau kesho yake ungeleta hata kibaba cha mtama. Hukuleta.

Wanao ni wazima, wamenenepa. Juzi mkubwa wao aliniuliza bibi alikufa na nini. Nimemwambia uzee. Ningemwambiaje mtoto kwamba sahani aliyokuwa akiimaliza ilikuwa ya bibi yake?

Saruji yako kaa nayo. Mungu akupe afya huko uliko, uishi mpaka uzeeke.

Mimi, mdogo wako