Mkasi Ulionipa

Nyumba ya Ghorofa, Chumba cha Nyuma,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi vizuri na mguu umeacha kukusumbua. Ile dawa ya kuchua inasaidia, au bado unaificha chini ya mto na kusema umeshaipaka? Sisi huku miili ni mizima. Mke wangu hajambo, na binti yetu ametimiza miaka minne, anaongea kama chiriku.

Mimi mwenyewe sijambo ya kuandikia tu. Nimechelewa kukujibu kwa sababu uliniuliza jambo moja, na kila nikishika kalamu mkono unakuwa mzito.

Nimechoka na ofisi, Shangazi. Mwaka wa sita huu niko masjala, chumba kisicho na dirisha, nafungua bahasha, nagonga muhuri, natia karatasi kwenye mafaili. Nilipoacha kazi ya ufundi wa nguo ulinionya, nikakujibu kwamba nataka kuitwa mtu wa ofisi na kuvaa tai. Basi tai ninayo. Siku hizi nikimwona mtu njiani koti lake limekaa vibaya begani, naumia, natamani kumsimamisha nilitengeneze palepale. Majuto ni mjukuu, na wangu ameshaanza kutembea.

Jumatatu nilikata shauri. Niliaga ofisini kwamba naenda kwa daktari, nikaenda kwa bosi wangu wa zamani, yule tuliyekuwa tukimwita Mzee Chaki. Karakana ni ileile: meza ndefu, vyerehani vitatu, pasi nzito karibu na mlango, vipande vya nguo vinakunasa kwenye soli. Juu ya meza, msumari niliokuwa nikitundikia mkasi wangu haukuwa na kitu. Nilipoona hakuna aliyeuchukua, nusura nilie.

Alinipokea vizuri. Alinitania kwamba nimenenepa mpaka jina la Sindano halinifai tena, sasa niitwe Kifungo. Nikamweleza kilichonileta: nirudi kukata nguo, hata kama ni kuanza upya chini ya wale niliowafundisha mimi. Hakuniuliza kwa nini niliondoka. Wewe umekaa kwenye kazi hii kuliko mimi, unaijua desturi yao. Cheti hawakuulizi. Wanakupa kipande cha bitana, ile laini ya ndani ya koti, ukate mstari mmoja mnyoofu bila chaki, kwa mkasi wako mwenyewe. Wanaita kusalimia meza.

Nikautoa mkasi wako kwenye begi. Mkono haukuwa umesahau, Shangazi, nakuapia. Mkasi ndio uliokataa. Uliitafuna ile bitana, ukaikunja, ukaitoa nyuzi pembeni, na mafundi kwenye vyerehani vyote vitatu wakageuka kutazama. Mzee akauchukua, akapitisha kidole gumba kwenye makali.

"Huu umekata karatasi," akasema.

Ni kweli. Mkasi wa ofisi ulipotea mwaka wangu wa pili pale, nikaleta huu, nikajiambia ni kwa siku moja tu. Mkasi wa nguo haukati karatasi. Hilo ulinifundisha hata kabla ya kunifundisha kutunga uzi. Na mimi nimeufungulia bahasha miaka minne. Lakini pale mbele ya wenzangu niliona aibu, nikajibu kwamba ni mtoto nyumbani, huwa anauchezea.

Mzee aliufunga mkasi. Akasema makali hunolewa, hilo si neno. Halafu akanirudishia mkasi.

"Njoo naye Jumamosi huyo mtoto. Nitamfundisha mwenyewe heshima ya mkasi, kisha na wewe utaanza kazi."

Kazi nilishapewa, Shangazi, ni ulimi wangu ulioikataa. Binti yangu hawezi kuufungua mkasi ule hata kwa mikono yote miwili, na Mzee angemwona tu angejua. Na asingejua, je? Nimsimamishe mtoto wangu aonywe kwa kosa la baba yake? Kwenda peke yangu ni kumwambia mtu aliyenikuza kikazi kwamba nilimdanganya machoni. Njia ya mwongo ni fupi, lakini sikujua ni fupi hivi.

Jumamosi ilikuwa jana. Nilivaa viatu asubuhi, nikakaa kitandani navyo mpaka saa yao ya kufunga ikapita. Mke wangu anadhani nina homa. Kesho narudi masjala, na sioni cha kunitoa huko.

Nisalimie Babu, umwambie miwani aliyoniagiza naikumbuka. Msalimie na binamu yangu mwalimu, na jirani yako mwenye kelele. Mungu akupe usingizi mwema na mguu usio na maumivu.

Uliniuliza kama mkasi bado unakata vizuri. Haukati, Shangazi. Na barua yako yenyewe, ile yenye swali hilo, ilikuja kwa anwani ya ofisi pamoja na barua nyingine. Niliifungua kwa mkasi huohuo.

Wako akupendaye,
Sindano