Maji ya Kaki

Jumatatu, 2 Septemba 1974

Mapipa matano ya rangi leo. Mawili ya bluu, matatu ya kaki. Kuni mbichi, moshi tupu. Macho yanawasha mpaka sasa.

Semeni, msaidizi wangu, alichanganya dawa ya rangi ya chungwa peke yake kwa sababu mimi nilikuwa nakagua majora ya marekani yaliyoingia. Marekani mbaya, ina mafundo. Mzee Mahenge alipita saa nne, akavuta kitambaa kilichokauka, akasema kaki ya duka lake haichuji na ndiyo maana shule zote zinakuja kwake. Kweli haichuji. Dawa ile ndiyo inayoishikisha rangi. Chembe zake nzuri kuzitazama, kama sukari iliyomwagiwa mawese.

Maji yaliyobaki tumeyafungulia mferejini kama kila siku. Mfereji unashuka kijitoni. Mwaka jana majira haya nilivuka kijito kwa kukanyaga mawe. Leo nimekiruka.

Jumatano, 4 Septemba

Semeni kanionyesha vidole. Matundu mawili ya mviringo, kama mtu katoboa kwa kijiti. Anasema hayaumi. Hilo ndilo lililonitisha. Kidonda kisichouma ni kidonda gani?

Nami ninalo moja, chini ya kidole gumba. Sikumwonyesha. Mimi ndiye msimamizi.

Jumapili, 8 Septemba

Baada ya ibada nilishuka bondeni kununua mchicha. Hakuna mchicha. Majani kwenye matuta ya kando ya maji yameungua kingo. Akina mama wamechimba visima vidogo kwenye mchanga, hatua chache kutoka kijitoni, wanasubiri maji yajichuje. Wamenisalimia vizuri, kamwene, kamwene. Nikaficha mikono kwenye khanga.

Nikapanda mpaka kwenye chemchemi. Miti ya pale juu imekwisha. Visiki vibichi, na alama za magurudumu ya lori letu. Kuni zetu zinatoka pale. Sikuwa najua. Au sikuuliza.

Wazee wanasema mvua imekimbia kwa sababu ya panga. Wengine wanasema ni Mungu. Mimi nimeviona visiki.

Alhamisi, 12 Septemba

Mkutano wa nyumba kumi zetu na zile za bondeni, uani kwa kiongozi wetu, Balozi Chavala. Balozi ni mtu wa maneno machache. Alimweka Mzee Mahenge mbele, akaweka chupa mbili mezani. Moja ya maji ya kijito juu ya mfereji wetu, moja ya chini yake, ya manjano. Watu wakatazama chupa.

Nilidhani mzee atakasirika. Alisimama, akavua kofia. Alisema alikuja Iringa kutoka Ukinga kwa miguu, na kijito kile ndicho alichonywa siku ya kwanza. Kisha akatoa ahadi tatu mbele ya wote. Atachimba shimo la kumwagia maji ya rangi, lenye chokaa na mchanga, na tone halitafika kijitoni. Lori halitakata tena mti wa chemchemini, na mvua zikianza atapanda pale. Na dawa ya chungwa ataiacha kabisa mwezi huu ukiisha.

“Haiwezekani niwavishe watoto wenu kwa mkono mmoja,” alisema, “na mkono wa pili niwanyweshe sumu.”

Watu walipiga makofi. Mimi pia. Nilikaribia kulia. Nilijivunia kufanya kazi kwake.

Jumatatu, 16 Septemba

Mzee kanipa ubao na brashi, niandike ahadi zote tatu kwa sababu nina mwandiko mzuri. Umetundikwa dukani juu ya mashati. Wateja wanausoma kwa sauti. Mwalimu mmoja kasema hajapata kuona duka la nguo linaloahidi jambo lolote zaidi ya bei.

Wachimbaji wameanza shimo. Ardhi ngumu kama tofali.

Jumanne, 1 Oktoba

Siku ya kwanza bila kaki. Bluu na kijani tu. Debe la dawa ya chungwa limefungwa stoo, ufunguo ninao mimi. Semeni kaimba tangu asubuhi, nyimbo za Kihehe nisizozielewa. Vidonda vyake vimeanza kuziba.

Nimemwandikia mwanangu Bupe barua. Yuko Mbeya kwa dada Atu, anasoma darasa la saba. Nimemweleza habari za ubao. Tangu baba yake afariki sijapata habari nzuri nyingi za kumwandikia.

Jumatatu, 7 Oktoba

Mzee kaniita nyuma ya duka. Shule mbili za bweni zimeagiza sare zote za Januari. Kaki. Wamejaribu kununua kaki tayari kutoka viwandani, hakuna, nchi nzima nguo zimeadimika. Wakikosa kwetu watakwenda Mbeya, na wakienda Mbeya hawarudi.

“Mama Bupe, mara hii tu. Debe lililobaki liishe, basi.”

Nilisema ndiyo kabla hajamaliza. Sijui kwa nini upesi hivyo. Najua. Nikikosa kazi hii sina nyingine, na nyumba ninayokaa ni yake.

Nikarudi kwenye mapipa. Semeni aliniona nikitoa ufunguo. Aliacha kuimba, akajifunga kitambaa puani, akaanza kupima.

Alhamisi, 10 Oktoba

Kaki siku nne mfululizo. Shimo limejaa. Chokaa haijafika, mchanga umeziba, maji yamesimama juu yake manjano kama mkojo wa ng’ombe. Tumebakiwa na mapipa manane ya kutia rangi.

Semeni katokwa damu puani mara tatu leo. Ya tatu ilidondokea kitambaa. Nimemrudisha nyumbani. Kesho nachanganya mimi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimechanganya mimi. Pua inawasha, koo chungu.

Mzee alikuja kutazama shimo. Akasema kuna njia moja tu, mfereji wa zamani tuliouziba kwa udongo ufunguliwe kesho alfajiri, kabla watu hawajashuka kuteka maji. Mara moja tu, kijito kitasafisha. Nilimwambia kijito hakina maji ya kusafisha hata sufuria. Akasema anajua. Hakunitazama.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimefungua. Mimi mwenyewe, kwa jembe. Semeni hakuwepo, mlinzi alikuwa kwa mkewe. Udongo ulikuwa mchache tu, kupiga mara tano ukaachia. Maji yalikwenda upesi kuliko nilivyotaka.

Sina la kuongeza.

Jumapili, 13 Oktoba

Bata sita wamekufa bondeni. Matuta mapya ya kabichi yamenyauka yote. Mama mmoja kamuogesha mtoto, mtoto katoka upele mwili mzima. Hayuko hatarini, wanasema. Nimeuliza mara tatu kama hayuko hatarini.

Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 14 Oktoba

Wanasema ni Semeni.

Anaishi kule kule bondeni, vidole vyake vina rangi, na kila mtu anajua yeye ndiye anayebeba madebe. Leo asubuhi akina mama walimkatalia kuteka maji kwenye kisima cha mchanga. Walipindua ndoo yake. Alikuja kazini bila kuoga, akafanya kazi. Mzee Mahenge kasikia. Akasema mambo ya akina mama yataisha yenyewe.

Nilitaka kusema. Nilifunga mdomo.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimempeleka Semeni hospitali. Daktari kamulika pua kwa taa ndogo. Ukuta wa katikati umetoboka. Tundu linapita upande hadi upande. Halitaziba. Ameuliza anafanya kazi gani, tukamweleza, akaandika, akasema asiguse tena dawa ile hata kwa kijiko. Akanitazama mikono na mimi. “Na wewe.”

Njiani kurudi Semeni kaniuliza jambo moja tu. “Mama Bupe, mfereji umefungua wewe?”

Nikasema nimefungua mimi.

Hakupiga kelele. Alisema, “Ulinipeleka nyumbani ili nisione?”

Hapana. Nilimpeleka kwa sababu ya damu. Lakini kutokuwepo kwake kulinifaa, na yeye alikwishalijua hilo. Penye njia panda alikwenda kwao bila kuaga.

Mimi ni mwoga. Nimeliandika ili nilione.

Jumatano, 16 Oktoba

Mzee Mahenge kasikia kwamba Balozi ameitisha mkutano mwingine kesho. Kaja mpaka mlangoni kwangu, kitu ambacho hajapata kufanya. Kaomba nimwachie yeye aongee. Atasema shimo lilipasuka lenyewe. Hakuna atakayeumia, si Semeni, si mimi.

Nikamuuliza, na bata? Akajibu atawalipa bata.

Nikamwonyesha tundu langu la chini ya kidole gumba. Akakunja mkono wa shati lake. Anayo makovu matano, ya zamani, meupe. Miaka yote ile kabla yetu alichanganya mwenyewe. Alijua. Alijua tangu siku ya kwanza alipotukabidhi vijiko.

Nimemchukia. Nimemwonea huruma pia, na hilo limenichosha zaidi.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimesema.

Mzee alianza habari za shimo kupasuka. Semeni alikuwa amekaa peke yake, ukutani, watu wameacha nafasi kila upande wake. Nikasimama kabla sijajua nasimama. Nikasema shimo halikupasuka, nimefungua mfereji mimi kwa jembe Jumamosi alfajiri, Semeni alikuwa kwake anatokwa damu. Nikasema nani aliniagiza. Nikasema niliyeagizwa nina akili zangu na ningeweza kukataa.

Kelele. Mama mwenye bata alinitemea mate, yakatua begani. Nikayaacha.

Balozi Chavala akanyamazisha watu. Akamgeukia Mzee Mahenge. “Ahadi ulitupa sisi, mzee. Hukuupa ubao.”

Mzee aliinama. Nilidhani ataniita mwongo. Akasema, “Mama huyu kasema kweli.” Sauti ilikuwa ndogo. Kisha akasema kesho debe litoke stoo mbele ya mashahidi, na shule zile atazifuata mwenyewe kuziambia kaki hakuna.

Akina mama wawili walikwenda kukaa karibu na Semeni. Hakuwatazama. Mimi pia hakunitazama.

Ijumaa, 18 Oktoba

Debe limetolewa. Bwana afya kaja na gari, kalichukua akiwa na glavu za mpira mikononi. Sisi tulilishika miaka minne kwa mikono mitupu.

Mzee kanieleza kwa upole kwamba hawezi kukaa na msimamizi aliyempinga mbele za watu. Nikasema nimeelewa. Chumba ninacho mpaka mwezi uishe. Hakuwa na hasira. Alionekana mzee sana.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nimekwenda kwa Semeni mara ya pili. Mlango umefungwa, ndani nasikia anapepeta mchele. Nimeacha unga na sabuni kizingitini. Nikasema kwa sauti kwamba naondoka wiki ijayo. Upepetaji ukakoma kidogo, halafu ukaendelea.

Ijumaa, 1 Novemba

Basi la Mbeya. Vumbi njia nzima. Kutoka Makambako mpaka Chimala ng’ombe wamekonda, wachungaji wamekaa kando ya barabara wakitazama magari kana kwamba magari yataleta majani. Mto niliouzoea una mchanga mtupu. Jirani yangu kwenye kiti, mkulima wa mpunga, alisema hajapanda. Alilisema kama mtu anayetaja msiba.

Nikawaza habari za kijito kimoja na visiki vya mlima mmoja. Vijito vingapi.

Bupe alinipokea stendi. Kanizidi urefu. Aliuliza habari za ubao. Nikamweleza yote, tumesimama pale pale na mizigo. Akachukua sanduku zito.

Jumanne, 12 Novemba

Nashona barazani kwa dada Atu. Mashine ya mguu, ya zamani, inavuta uzi upande. Kazi zipo, mapazia na marekebisho. Watu hapa hawanijui. Inanipumzisha, halafu inanikera.

Kidonda cha kidole kimefunga. Kimeacha shimo dogo.

Jumapili, 24 Novemba

Mvua kubwa toka jana. Ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati, mlima Loleza hauonekani.

Barua imefika kutoka Iringa, mwandiko wa Balozi Chavala. Shimo jipya limekamilika, lina saruji. Duka sasa linauza nguo zinazokuja zimetiwa rangi tayari, chache, na nyuma wanashona tu. Wateja wamepungua. Mzee Mahenge alipanda miti chemchemini mvua ya kwanza, yeye na watu wa bondeni, mingine ameiweka karibu mno, itabidi ing’olewe. Mtoto wa upele amepona. Maji bado yana harufu chini ya daraja. Balozi anasema watu hawayatumii, wanasubiri.

Semeni sasa anashika pesa dukani. Pua inapiga mluzi akipumua. Anacheka mwenyewe, anasema Balozi.

Ndani ya barua kulikuwa na karatasi nyingine, ndogo, imekunjwa mara nne. Mwandiko wa Semeni, herufi kubwa kubwa. Hakuna salamu, vipimo tu. Kifua, kiuno, nyonga, urefu mpaka chini ya goti. Mikono mirefu. Kisha: “Gauni la Krismasi. Rangi chagua wewe.”

Nimesoma mara nyingi. Hakuandika kwamba amenisamehe.

Mchana nimekata kitambaa.