Darasa Lilipoanza Bila Mimi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje? Kama bado linakusumbua, acha ubishi uende hospitali. Mimi ni mzima, mkweo pia, na wajukuu wako wanakula kama mchwa.

Uliniuliza kwenye simu kuhusu ule ufundishaji mpya wa hapa chuoni, nikakujibu juu juu. Mkuu wa idara alinichagua niujaribu muhula huu: wanafunzi wautazame mhadhara kwenye simu kabla ya kipindi, kisha darasani tufanye kazi kwa mikono. Muhula ukiisha, mimi ndiye wa kusema uendelee au ufe.

Mwanzo ulikuwa vurugu tupu. Nilijirekodi saa mbili mfululizo nikieleza jinsi boriti inavyobeba uzito. Hakuna aliyetazama. Nikawaonea huruma, nikarudia yote ubaoni. Basi wakaona hakuna haja ya kutazama tena. Unanijua nikishashika chaki. Mkweo akanicheka, akaniuliza kama kila siku nawatafunia, watatafuna lini wenyewe.

Nikazikata video zikawa fupi, kila moja na swali lake mwishoni, na nikaapa kutorudia. Mara ya kwanza walinikodolea macho tu. Aliyekuja bila kutazama nilimweka pembeni atazame kwanza. Polepole wakaanza kuja wamejiandaa.

Juzi gari lilipata pancha njiani. Nikafika mbio, shati limelowa jasho, nikasikia kelele tangu kwenye ngazi. Nikajua wanapiga soga. Kumbe wamejenga daraja la vijiti kati ya meza mbili, wanalipakia mawe na kubishana litakatikia wapi. Binti mmoja ambaye hajawahi kufungua mdomo darasani ndiye aliyekuwa akiwaeleza wenzake. Akaniomba, kwa heshima zote, nisubiri kidogo, walikuwa karibu kumaliza. Nikakaa kiti cha nyuma.

Mama, hili hata mkweo sijamwambia. Niliomba kimoyomoyo lile daraja liwaumbue, wakwame, waniite. Likakatika palepale aliposema yule binti. Wakashangilia, na mimi nikaona wivu. Miaka yote nilidhani wananihitaji kwa maneno yangu. Iliniuma sana.

Muhula ndio unaisha, kesho naingia kwa mkuu wa idara. Nitamwambia ufundishaji huu uendelee, tena kwa madarasa yote. Ila nikija likizo, nakuomba uketi mbele yangu, uniache niongee mpaka nichoke.

Msalimie Baba, na majirani wote wanaoniulizia.

Ni mimi mwanao,
Kitindamimba wako