Kivuli Kwenye Gego la Dada

Jumanne, 5 Machi
Mashine mpya imefika kliniki. Tumeshaibatiza Tochi. Unaiweka juu ya jino, mwanga unapenya, na kwenye skrini unaliona jino mpaka ndani. Pakianza kuoza panatokea kivuli — kabla ya shimo, kabla ya maumivu. Daktari wetu anacheza nayo kama mtoto! Anataka watu wa kujaribia. Nimesema nitamleta Dada. Hajawahi kuziba jino maishani, na kwa hilo hunitambia sana, maana mimi msaidizi wa daktari wa meno nimezibwa matatu.

Ukweli: nataka tu atoke kitandani.

Alhamisi, 7 Machi
Dada kaja na shemeji. Kajipaka wanja, kafunga kilemba kuficha nywele zilizonyonyoka. Kwenye ngazi kakataa kushikwa mkono. Kiburi kile kile!

Tochi imeona kivuli. Gego la chini, kulia, pale linapogusana na jirani yake. Kidogo sana, hata eksirei haikukiona. Dawa za saratani zinamkausha mate, ndiyo chanzo. Nilidhani atavunjika moyo — hata meno nayo! Daktari anajua anaumwa, hajui kiasi gani. Akamgeuzia skrini kwa furaha: "Tumewahi. Hapa hatuchimbi. Tunapaka dawa, jino litajirekebisha lenyewe."

Dada akamwomba arudie. Akarudia: tumewahi.

Akacheka mpaka machozi. Shemeji akatoka nje. Mimi nikajifanya naosha vifaa. Kule hospitali kubwa, walipompasua tumbo mwaka jana, walimwambia amechelewa.

Jumapili, 17 Machi
Shemeji analalamika. Supu Dada hataki, vidonge anasahau, lakini mswaki hasahau, na uzi wa meno anapitisha kila akila vijiko viwili vya uji. Nimemwambia atasugua meno yaishe. Kanijibu nisimwonee wivu, ya kwangu yamezibwa-zibwa kama ukuta wa choo cha shule. Nimecheka mbavu sina.

Kisha nikaenda kulia bafuni kwao, bomba nimelifungulia.

Jumatatu, 13 Mei
Hospitali kubwa wamesimamisha dawa. Wamesema arudi nyumbani, apumzike. Apumzike! Wana lugha tamu hawa. Dada hakuwauliza kitu. Kwenye gari ndipo akauliza Tochi itampiga picha tena lini. Nikasema Septemba. Akasema: "Septemba ni mbali, mdogo wangu."

Nimemkasirikia. Najua si haki. Nimkasirikie nani mwingine?

Ijumaa, 21 Juni
Asubuhi nimemwambia daktari kila kitu. Akaahirisha wagonjwa wote wa mchana, akasema nimlete leo leo.

Shemeji kambeba mgongoni kupanda ngazi. Safari hii hakubisha. Midomo imempasuka, nimempaka mafuta kwanza ndipo akaweza kuachama. Picha niliyoipiga kwanza ikatoka ukungu mtupu. Ya pili safi. Daktari akaziweka pamoja, ya Machi na ya leo.

Kivuli kimefifia. Sisemi kujifariji — nimekikodolea macho kwa hasira, nikitafuta uongo. Kimefifia kweli. Jino linapona.

Dada akaangalia muda mrefu. "Basi kuna kitu kwangu kimekubali dawa," akasema. Shemeji akainamisha uso kwenye viganja.

Nikadhani yamekwisha, nikaanza kumvua ile aproni ya plastiki. Akanizuia mkono. Akamgeukia daktari, uso mkavu, kama mteja yeyote mwenye shughuli zake, akauliza: "Nirudi lini?"

Daktari akanitazama. Mimi nikatazama sakafu. Mwisho akasema niende mapokezi nimtafutie tarehe.

Ndiyo nipo hapa, nyuma ya kaunta, naandika badala ya kutafuta. Kalenda ya miadi iko wazi mbele yangu. Siku tele, nyingi bado hazina mtu. Sijui niweke kidole wapi. Na Dada huyo, anapaza kile kisauti chake kutoka ndani: nisije nikampangia asubuhi, asubuhi hapendi kukimbizwa.