Mtoto wa Nyumba Gani

Mama yangu mpendwa,

Krismasi imepita na mimi nimechoka. Sijachoka kwa kula, maana mwaka huu ng'ombe wengi wa huku waliliwa siku ya kupandisha bendera ya uhuru, na Krismasi ilipofika majuma mawili baadaye watu walikuwa wamebaki na kuku tu na sauti zilizokauka. Nimechoka kama mtu aliyegombana nusu ya maisha yake na serikali, na wamisheni, na wahariri wa magazeti, kisha akaamka asubuhi moja akakuta wapinzani wake wamefunga mizigo wamekwenda kwao, na ugomvi wameuacha palepale.

Wewe uliondoka wakati wa palizi, hukuiona bendera. Nitakusimulia habari zake siku nyingine. Leo ninakuandikia kwa sababu jina lako limepewa mtoto wa hapa Shieywe, na ndugu zangu wanadai nikuombe radhi. Naandika waziwazi, gazetini, kwa kuwa jambo lenyewe linasemwa waziwazi sokoni. Lakini barua ni yako. Wengine wanasoma tu begani kwako.

Unakumbuka Krismasi zetu za Iguhu? Siku chache kabla, ulikuwa unachota udongo mwekundu mtoni na kuipaka nyumba upya, ukimalizia chini kwa mstari wa majivu. Hatukuruhusiwa kuegemea ukuta hadi Mwaka Mpya. Ulipika kuku ambaye wewe mwenyewe hukumla, kwa sababu wanawake wa rika lako hawakula kuku, na misheni ilipowaambia mnaweza kula ulisema umeshazoea mchuzi. Jioni ulivuta kiko chako nyuma ya jiko, na wazee wa kanisa waliopita njiani wakajifanya hawasikii harufu.

Mwaka ule mzungu wa misheni alipohubiri habari za zizi, mimi nilikuwa nimeketi miguuni pako. Alieleza kwa huzuni jinsi Mwana wa Mungu alivyozaliwa mahali pa ng'ombe. Alitoa leso akajifuta macho. Waumini wakatazamana, hawakuelewa kinachomliza. Sisi sote tulizaliwa na kulala upande mmoja wa nyumba, ng'ombe upande wa pili, na nyumba isiyo na ng'ombe ndani ndiyo ilikuwa ya kuhurumiwa. Tukiwa njiani kurudi ulimwambia Baba, "Mtoto wa watu wenye mali yule. Analilia nini?"

Baba akacheka. Lakini wewe hukuwa umemaliza. Hatua kadhaa mbele ukasimama.

"Ule mji si ndio kwao Yusufu?"

"Ndio kwao," akasema Baba. "Walikwenda kuandikishwa kwa ukoo wao."

"Kwao kabisa? Kwa baba zake?"

"Imeandikwa hivyo."

"Basi shangazi zake walikuwa wapi? Mtu afike kwao na mke wa kujifungua, halafu alale kwa wageni? Nyumba haikujaa, Baba Ayubu. Hao ndugu walikuwa wamehesabu miezi. Walijua mimba si ya kijana wao, wakafunga milango."

Baba akakuambia utembee, jua linazama. Mimi nimesoma sana tangu siku ile, Mama. Nimesoma vitabu vya wanaoamini na vya wasioamini, vingine vizito kuliko mtungi wa maji. Sijakuta hata kimoja kinachoujibu ukali wa swali lako.

Nilikusumbua baadaye, nakiri. Niliporudi kutoka chuoni nikakueleza kwamba hakuna anayejua tarehe aliyozaliwa Yesu, kwamba sikukuu hii ilivaa makoti ya Ulaya ikaja kwetu ikitoka jasho, na kwamba sisi tunabandika pamba ya hospitali juu ya matawi ya mtarakwa, eti theluji, nje jua linapasua mawe. Ulinisikiliza huku unachambua mboga.

"Na wewe nilikuzaa tarehe gani?" ukauliza.

"Hukuniambia. Ulisema ilikuwa wakati wa nzige."

"Basi hukuzaliwa. Na bado unakulanga chakula changu."

Niliandika makala nyingi dhidi ya Krismasi ya pamba, na hata leo siondoi neno. Pamba bado ipo. Mwaka huu waliiongeza, wakaifunga na karatasi za rangi za bendera.

Sasa nikueleze lililotokea. Unajua desturi ya kanisa letu, ambayo haikuletwa na mzungu. Siku ya Krismasi watoto hubatizwa, na kabla mtoto hajafika kwenye maji, mzee wa kanisa humsimamisha anayembeba na kuuliza kwa sauti, "Mtoto wa nyumba gani?" Mwanamume mmoja husimama kutoka kwenye benchi akajibu, "Wa nyumba yangu." Ndipo mwanamke wa nyumba hiyo huendelea mbele na mtoto. Wamisheni walitaka kuiondoa, wakasema ni ya kipagani. Nikapigana nao gazetini, kwa sababu sijaona swali la Kikristo zaidi kuliko hilo. Mtoto asiye na wa kumjibia hungoja mlangoni. Hubatizwa siku ya kazi, jioni, kanisa likiwa tupu.

Karibu nasi hapa Shieywe kuna msichana anaitwa Berita. Ni yaya kwa karani mmoja. Alitoka upande wa Isecheno, kandokando ya msitu, na wazazi wake walipomwona tumbo limetokeza walimwambia asirudi. Amejifungua mtoto wa kike. Damari, mkaza mwanao, ndiye aliyemkuta akifua nepi nyuma ya nyumba, mtoto amemlaza kwenye beseni, akaanza kumpelekea uji. Berita hakuomba kitu isipokuwa kimoja, mtoto abatizwe Krismasi na wenzake. Alisema jioni ya siku ya kazi atakuwa jikoni kwa watu, hataruhusiwa kutoka.

Nikalipeleka jambo kwenye baraza la wazee wa kanisa, ambamo nilikuwa mjumbe. Mwenyekiti wetu ni Mzee Zakaria, fundi seremala, mtu mpole. Upole wake ndio unaochosha.

"Hatumfukuzi mtu," akasema. "Tunafuata utaratibu tu. Swali litaulizwa. Nani atasimama?"

"Mama yake yupo," nikasema.

"Mama si nyumba, Mwalimu."

Nikasema, na unajua ninavyosema. Nilitoka na mitume, nikapitia mababa wa kanisa, nikaingia kwenye lugha ya Kiyunani na kutokea upande wa pili. Nikawaambia kwamba tumemtoa mkoloni serikalini tukamkalisha kanisani. Mjumbe mmoja kijana, karani wa ofisi ya wilaya, akapiga miayo bila kuziba mdomo.

"Mwalimu," akasema, "hayo ya Wayunani peleka gazetini wanakolipa. Hapa tunataka jina la mwanamume."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka kidogo, maana gazeti halilipi. Kisha wakapiga kura, nikabaki peke yangu. Nilitazama chumba kizima, Mama, nikimtafuta mzungu wa kumlaumu. Ni mazoea. Hakuwapo. Kasisi ni wa kwetu, wazee ni wa kwetu, ufunguo wa mlango uko mfukoni mwa mtu niliyesoma naye darasa moja. Hapo ndipo uchovu huu uliponiingia, na haujatoka.

Nilipofika nyumbani Damari alikuwa anapiga pasi shati langu la Krismasi.

"Mmeshindwa?"

"Nimeshindwa. Wao wameshinda."

"Uliongea sana?"

"Kidogo."

"Basi uliongea sana." Akapuliza makaa ya pasi, majivu yakaruka. "Baba Tito, hilo swali lao si refu. Jibu lake nalo si refu."

Nikamwelewa, na nikatamani nisingemwelewa.

"Unajua watakavyosema," nikamwambia.

"Najua. Na mimi ndiye nitakayembeba mtoto mbele yao, wakitafuta wa kumcheka wataanzia kwangu. Wewe kazi yako ni kusimama na kukaa. Lakini usihutubu. Ukianza kuhutubu nitamrudishia Berita mtoto wake nitoke nje."

Asubuhi ya Krismasi kanisa lilijaa hadi madirishani. Usomaji ulikuwa ule wa ukoo, majina baada ya majina, na msomaji alijikwaa kwenye mengi. Kwa kawaida hapo ndipo watu husinzia. Mimi nilikuwa macho, na nikasikia jambo ambalo nimelisoma mara nyingi bila kulisikia. Ukoo wote ule, wafalme na wachungaji, unateremka kizazi kwa kizazi hadi unamfikia Yusufu, kisha tunaambiwa mtoto hakuwa wa damu yake. Ukoo mzima wa Mwokozi umesimama juu ya mtu mmoja aliyekubali kusema ni wa nyumba yangu. Na katika Injili zote huyo Yusufu hakuandikiwa hata neno moja. Aliamka, akafanya, basi. Wewe uliwaona ndugu waliofunga milango. Mimi siku hiyo nilimwona yeye, amesimama nje ya milango hiyo na punda wake, bila maelezo.

Mara nyingi nimeulizwa Krismasi ina maana gani kwa mtu anayeamini, na nimejibu kwa kurasa. Sasa sina kurasa. Ninachojua ni kwamba Mungu alikuja duniani akiwa mtoto anayehitaji mtu wa kumjibia, na hakujijibia mwenyewe.

Watoto wengine walitangulia. Kisha Damari akainuka na furushi jeupe, akatembea katikati ya kanisa taratibu, na minong'ono ikamfuata benchi kwa benchi. Berita alikuwa amesimama karibu na mlango, kitambaa amekishika mdomoni. Mzee Zakaria alimtazama Damari, akanitazama mimi. Uso wake uliniomba nisimfanyie hivyo. Lakini desturi ni desturi.

"Mtoto wa nyumba gani?"

Nikasimama.

"Wa nyumba yangu."

Mzee Zakaria akangoja. Kanisa zima likangoja, kwa sababu hakuna aliyewahi kunisikia nikisema maneno matatu nikaishia hapo. Maneno yalikuwepo, Mama, makala nzima na kichwa chake. Nikaketi.

Kasisi akatia mkono majini, akauliza jina. Damari hakuwa ameniambia jina. Akasema, "Muhonja."

Jina lako, ambalo mimi sikuwahi kulitamka mbele yako. Likasemwa juu ya maji, mtoto akalia. Nyuma yangu nikasikia mwanamke mmoja akisema, "Loo, na jina la marehemu tena," na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepata chakula cha mwezi mzima.

Ndugu zangu Ayubu na Tomasi walikuja kesho yake kutoka Iguhu. Hawakuketi.

"Jina la Mama si la kuokotwa njiani," Ayubu akasema. "Linapewa damu yetu. Sema mtoto ni wako, tujue jinsi ya kumpokea. Au sema si wako, jina lirudi."

Nikawasogezea viti.

"Wewe? Wewe unyamaze?" Akamgeukia Tomasi. "Basi ni wake kweli."

Damari aliwatengea chakula wakakikataa. Niliwatazama wakishuka barabarani na makoti yao mazuri. Ninawapenda, na jambo hili limeniuma kuliko kura ya baraza. Barazani nimeshatolewa, waliniletea habari kwa upole mwingi. Dukani mazungumzo hukatika nikiingia. Vijana niliowafundisha kusoma hunisalimia huku wanabana kicheko.

Lakini juzi nilipita karibu na bomba la maji. Wanawake wa mtaa walikuwa kwenye foleni, na Berita alikuwa katikati yao na debe lake. Zamani alikuwa anangoja wote waondoke ndipo ateke. Mmoja akamwita, "Mama Muhonja, sogea mbele, mtoto asichomwe na jua." Akasogea. Basi. Hakuna aliyeimba.

Ndugu zangu wanataka nikuombe radhi. Siombi. Kama nimekosea kulitumia jina lako, nitalisikia hilo kutoka kwako, si kwa Ayubu. Mtoto mwenyewe hanipendi. Nikimshika analia hadi Damari amchukue, na mapafu yake ni kama yako.

Na ninajua wapo watakaoisoma barua hii kwa kidole, mstari kwa mstari, wakitafuta sentensi moja: kwamba mtoto si wangu. Ningeweza kuiandika. Ni fupi, na ingenirudishia benchi langu, na ndugu zangu, na salamu za barabarani. Halafu Berita angerudi nyuma ya foleni. Wasome tena tangu juu. Haimo.

Pumzika, Mama. Mimi bado niko kazini.

Mwanao