Jina Walilompa Baba

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Mbinga tu wazima, na kahawa imeanza kuiva. Unauliza kama Warusi walimwita mfalme wao Ivan "wa Kutisha" kwa kumchukia. Mwalimu wako anasema kwao jina lile lilibeba na heshima. Namwamini.

Baba yangu majirani walimpa, kwa Kimatengo, jina la mtu ambaye akipita unakaa sawasawa. Mgeni mmoja aliponiuliza maana yake, nikajibu haraka kwa Kiswahili, "Mtu wa kutisha." Mgeni akacheka. Baba aliendelea kuanika kahawa.

Jioni akaniuliza, "Mwanangu, kumbe nakutisha?"

"Hapana, baba," nikasema, nikajikuta nimenyoosha mgongo. Nilimpenda hivyo hivyo.

Bibi yako