Salamu Nyuma ya Miiba

Porini, ng'ambo ya Mwanhuzi

Mama yangu mpendwa,

Mwangaluka mayu. Mguu wako umepoa? Bibi bado anakula vizuri? Mimi sina homa. Nina hasira, na sina wa kumwambia isipokuwa wewe.

Baba alisema atarudi huku pamba ikishauzwa. Sasa nasikia ushirika haununui tena, mnawangoja wafanyabiashara wenye malori waje wanapotaka wao. Nami nangoja huku peke yangu. Maji nachimba mchangani korongoni, na fisi wanafika hadi kwenye uzio wa miiba. Hayo nimeyazoea. Lakini kulinda ngitili, nyasi hizi za akiba, hakuna aliyenifundisha.

Wiki iliyopita walikuja wachungaji wawili, watu wazima, na ng'ombe wengi. Walisimama nje ya miiba wakaamkia, wakarudia. Unanijua, mama. Nilijibana nyuma ya mlango nikiomba waondoke. Nikamsikia mmoja akisema, "Hapa wenyewe wamehama."

"Basi nyasi hazina mtu," mwenzake akajibu.

Wakaingiza ng'ombe. Nyasi zote za upande wa korongo, tulizozitunza kwa ajili ya kiangazi, zililiwa nikiangalia. Kumbe kunyamaza kwangu ndiko kulikowaruhusu.

Jana wakarudi. Kabla hawajafika kwenye miiba nikatoka, nikawaamkia mimi kwanza.

"Kumbe kuna binti," mkubwa wao akasema. "Baba yako yuko wapi?"

"Mwenye kulinda ni mimi."

"Siku ile ulikuwa wapi?"

"Ndani."

Walicheka mpaka wakaegemea fimbo. "Siku nyingine, mayu, ukiwa ndani hata kohoa basi." Wakageuza ng'ombe.

Mwambie baba nyasi zilizobaki hazitafika mvua. Akiendelea kungoja malori, ataleta ng'ombe wetu waje kula vumbi. Tena mwambie aliniachia panga, unga na chumvi, akasahau kuniambia kwamba huku asiyeitikia hayupo. Usiyalainishe maneno yangu, msomee hivi hivi.

Nisalimie bibi, mjomba aliyenisindikiza hadi stendi, na mdogo wangu anayejinyoosha kitandani kwangu.

Barua nitampa mama muuza chumvi anayepita kwenda mnadani. Simfahamu. Namwona kwa mbali, na njia yake haifiki hapa kwangu. Ngoja nitoke nimwite.

Mwanao,
Minza